Chuo Kile Kilikuwa cha Nani

Kila mwaka, darasa jipya la sheria ya ardhi lilipoketi, nilianza kwa swali moja kabla hata sijaandika jina langu ubaoni. Chuo hiki ni cha nani? Wanafunzi walitazamana. Mmoja, aghalabu polisi, alisema ni cha Mzee, mwanzilishi wetu. Mwingine alisema ni cha serikali kwa sababu serikali ndiyo inayotoa leseni. Mwaka mmoja karani wa mahakama, mama wa makamo, alisema ni cha Mungu, darasa zima likacheka, naye akacheka pamoja nalo. Hapo niliwaeleza kwamba kuna mtu ambaye jina lake liko kwenye hati ya kiwanja, kuna ambaye jina lake liko kwenye leseni, kuna anayeshika funguo, na kuna watu wanaosema "chuo chetu" kila siku bila jina lao kuonekana mahali popote. Sheria inawajua hao watatu wa kwanza. Huyo wa nne haimjui. Nilisema hayo kwa mzaha, ilhali huyo wa nne nilikuwa mimi mwenyewe.

Siku hizi swali hilo linanichosha. Wanafunzi wetu wa zamani wakikutana nami sokoni au kwenye korido za mahakama, wananiuliza imekuwaje chuo kikauzwa, ilhali mawakili wote wale mlikuwa mle ndani. Wengine huuliza kwa huruma, wengine kwa kejeli. Nimejibu nusu nusu mara nyingi mno. Sasa nitaeleza yote, halafu niyaache.

Chuo kilianzia ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, katikati ya mji wa Kisumu. Mzee, kama tulivyomwita sote, alikuwa wakili wa hapa hapa aliyechoshwa na jambo moja: mtu wa upande huu wa ziwa akitaka kusoma sheria ilimbidi afunge virago aende Nairobi. Basi akapanga vyumba viwili, akanunua viti vya plastiki, akatuita sisi mawakili vijana tuje kufundisha jioni baada ya kazi. Chini yetu walikuwa wakikata mabati. Ulikuwa unaeleza maana ya ridhaa katika mkataba, msumeno unaanza, wewe unanyamaza katikati ya sentensi, darasa linasubiri, msumeno unatulia, nawe unaendelea. Harufu ya rangi ilikuwa haitoki nguoni. Wanafunzi walikuwa askari, makarani, walimu wa shule za msingi, na mama mmoja mfanyabiashara wa samaki aliyesema amechoka kuzungushwa na mawakili na sasa anataka kuzungusha yeye.

Mimi nilikuja kwa muda tu. Nilikuwa nikingojea nafasi Nairobi, nikajiambia nitafundisha muhula mmoja. Kisha nikaona askari aliyekuwa hajui kutofautisha jinai na madai akisimama kujibu hoja kwa utaratibu, mikono nyuma, kama yuko mbele ya jaji. Nilirudi nyumbani nimefurahi sana siku hiyo. Nairobi ikasahaulika.

Nilifundisha sheria ya mikataba miaka ya kwanza, na mimi mwenyewe sikuwa na mkataba. Hakuna aliyekuwa nao. Watu wa nje hawaelewi jambo hili, wanadhani tulikuwa wajinga. Lakini kwetu, mzee aliyekuita "nyathina", yaani mwanangu kwa Kijaluo, akakupa chai, akakwambia "hii ni skul yetu sisi wote", humwombi karatasi. Ukimwomba karatasi umemwambia kwamba tayari unajiandaa kumshtaki. Basi sisi, watu tuliosomea karatasi, tuliokuwa tukiwaonya wakulima wasiuze hata ng'ombe bila maandishi, tukafanya kazi kwa neno la mdomo. Wenzetu wachache walihamia chuo kikuu cha Bondo, wakapewa barua za ajira, na walipokuja mjini walitutania kwamba sisi ni dini, si walimu. Tulicheka. Tulijiona bora kuliko wao, hilo nalisema wazi.

Baadaye Mzee alinunua kiwanja upande wa Dunga, ardhi inapoteremka polepole kuelekea ziwani. Alijenga kidogo kidogo. Kwanza madarasa manne, kisha maktaba, kisha ofisi yenye chumba kidogo nyuma chenye kitanda. Alilala humo siku nyingi, kwa sababu ya darasa la jioni. Jumamosi kulikuwa na darasa la wanaofanya kazi mbali. Jumapili baada ya kanisa aliwasimamia wanafunzi katika mahakama ya mazoezi, yeye akiwa jaji, amevaa joho lake la zamani katika joto lile. Mke wake alikuwa kwenye boma lao la kijijini, ng'ambo kidogo ya Katito. Sisi tulimwona mara moja kwa mwaka, siku ya mahafali, ameketi mstari wa mbele na kitambaa cha kichwa cheupe, hasemi kitu.

Siku hiyo ya mahafali ndiyo Mzee alikuwa na maneno yake. Mwishoni mwa hotuba aligeuka akaitazama maktaba, akasema, "Nikifa mnizike hapo kando. Nani atanunua kiwanja chenye kaburi la wakili?" Watu waliangua kicheko, yeye naye akacheka mpaka akatoa kitambaa kufuta macho. Mwaka uliofuata aliyasema tena, na mwaka uliofuata tena. Wanafunzi wapya walicheka, sisi wa zamani tulitabasamu tukitazama saa kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa.

Sitaki kudanganya kwamba chuo kilikuwa kinastawi hadi mwisho. Vyuo vikuu vilifungua matawi mjini, wanafunzi wakapungua. Wakaguzi walikuja wakataka vitabu zaidi na walimu zaidi. Ziwa lilipopanda, maji yalichukua ua wa nyuma na uwanja tuliokuwa tukiweka mahema ya mahafali, na hata yalipoanza kurudi yaliacha tope na magugu, na vyumba vya chini vikabaki na unyevu ambao haukuisha. Sami, wale wadudu wadogo wa ziwani, waliingia darasani jioni mpaka ukawa unafundisha huku umefunika mdomo. Tuliendelea. Darasa la jioni lilibaki limejaa, wengi wakitembea kutoka Manyatta baada ya kazi, na kwa ajili ya darasa hilo tulisema hatufungi.

Kisha Mzee akaugua, na ugonjwa haukumpa muda. Alikuwa amefundisha mirathi tangu siku za juu ya duka, na wosia hakuandika. Sikushangaa. Kwetu mtu akiandika wosia, nyumba nzima inamuuliza anaenda wapi.

Kikao cha mazishi kilifanyika nyumbani kwake, chini ya hema, mvua ikitishia. Wazee wa ukoo walikaa upande mmoja, watu wa kanisa upande mwingine, na sisi wa chuo tukawa nyuma, tumevaa suti nyeusi kama tulioitwa kortini. Mtoto wake mkubwa, mwanamume mpole anayefanya kazi ya bima Nairobi, aliongoza kikao. Mmoja wetu alinong'oneza kwamba Mzee alitaka azikwe chuoni, minong'ono ikapanda, hadi mzee wa ukoo akauliza nani alimsikia. Macho yalinigeukia. Nilikuwa nimekaa naye muda mrefu kuliko wenzangu wote. Nilisimama nikasema kweli: alisema azikwe kando ya maktaba, na alisema kila mwaka. Nilijua ninachofanya. Kaburi lingekilinda chuo kuliko hati yoyote, kwa sababu hakuna mtu wa huku anayenunua ardhi yenye kaburi la mwenyewe.

Mzee wa ukoo hakukasirika. Aliniuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "Huko kwenye skul, alienda na jogoo? Moto, nani alibeba?"

Nilikaa chini. Kila mtu pale alijua maana yake. Mwanamume wa kwetu anapoanzisha boma jipya anakwenda alfajiri na jogoo, mtoto wake mkubwa amebeba shoka, mke wake amebeba moto kutoka boma la zamani, na usiku huo wanalala huko. Ikifanyika hivyo, mahali pale pamekuwa dala, nyumbani. Isipofanyika, hata ukijenga ghorofa ni mahali pa kazi, na mtu hazikwi kazini. Na upande wa sheria sikuwa na la kusema pia, maana nilikuwa nimewafundisha vijana wengi kwamba maneno ya marehemu kuhusu mwili wake hayawafungi walio hai. Tulimzika mbele ya nyumba yake, upande wa kulia wa mlango. Mjane wake alisimama wima muda wote. Nilimwona akilitazama kaburi likifukiwa, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo wakati ule sikuielewa.

Matanga yalipoisha, mtoto huyo mkubwa alikuja chuoni. Alitusalimia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Alisema yeye si mtu wa sheria, wala wadogo zake walioko ng'ambo si watu wa sheria, na hawajui kuendesha kitu hiki. Kuna watu wa hoteli wanakitaka kiwanja kwa sababu kiko karibu na maji. Wanafunzi watatafutiwa nafasi kwingine. Aliomba radhi. Nilitaka kumchukia nikashindwa, maana alikuwa anasema ukweli kwa adabu.

Tulikutana maktabani jioni hiyo, walimu wote tuliobaki. Wakalalamika, wakapandisha sauti, mmoja akataka twende mahakamani kwa hoja kwamba neno la Mzee lilitufanya washirika. Tulijua wote kwamba hoja ile haina miguu. Mimi ndiye niliyewakumbusha kuhusu mjane. Mtu akifa bila wosia akiacha mke mmoja na watoto, mali yake inakuwa chini ya mkono wa mke huyo maisha yake yote. Watoto hawawezi kuuza kiwanja bila ridhaa yake. Akikataa kutia sahihi, chuo kinabaki. Darasa la jioni linamaliza masomo, na sisi tunapata muda wa kutafuta namna. Wote wakanitazama tena. Walisema mimi ni mwanamke mwenzake na ndiye ninayefundisha sheria ya ardhi, kwa hiyo niende mimi.

Nilikwenda siku ya Jumanne. Kutoka stendi ya Katito nilichukua pikipiki hadi kwenye lango, nikapita kando ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mwekundu. Mama alikuwa ameanika mtama kwenye turubai na anafukuza kuku. Aliniletea kiti, akaniletea chai ya maziwa na njugu, akaniuliza habari za mvua ya Kisumu. Aliongea Kijaluo, na mimi nikajibu Kijaluo, na nikaanza kumweleza haki yake taratibu, bila maneno makubwa. Nilimwambia kwamba mali ile iko chini yake. Nilimwambia kuhusu wanafunzi wa jioni, kwamba wanatoka kazini na njaa na wanakaa darasani mpaka usiku. Nilimwambia kwamba kile chuo ndicho kazi yote ya maisha ya mume wake, na kwamba yeye peke yake ndiye anayeweza kukiokoa kwa kusema hapana.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza kama nimemaliza.

"Mwalimu," alisema, "nyinyi mlikaa na yeye Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi mlikuwa na darasa. Jumapili mlikuwa na hiyo korti yenu ya kuigiza. Mimi nilikuwa napata yeye tu wakati mtu mwingine amekufa, akija mazishi."

Nilikunywa chai.

Akaniuliza kama ninajua kwamba Mzee alikuja kumwomba abebe moto. Sikujua. Hakuna aliyejua, hata mtoto wake mkubwa alikuwa mdogo mno kukumbuka. Alisema kiwanja kile kiliponunuliwa tu, Mzee alifika jioni amefurahi, na jogoo amefungwa miguu, akamwambia ajitayarishe, alfajiri wanakwenda kufungua boma huko ziwani. Yeye akauliza, na hili? Mzee akasema hili litabaki, watakuja kulitembelea. Mama akaketi chini hapo hapo jikoni. Alimwambia hatabeba moto. Mzee akabembeleza, akaeleza, akaleta hoja zake za wakili, na mama akabaki ameketi. Asubuhi Mzee aliondoka peke yake.

"Nilijua nikiwasha moto huko, huyu mtu harudi hapa tena," alisema. "Hata akifa."

Nilimuuliza jogoo alikwenda wapi. Alinitazama kama swali la kijinga, akasema walimla. Halafu akacheka kidogo, na mimi nikacheka, na nilihisi uchovu mkubwa ukinishuka mabegani. Zile hotuba za mahafali zilinirudia zote pamoja. Mzee alikuwa akimwambia mtu mmoja mstari wa mbele, na sisi tulidhani anatuchekesha sisi.

Aliingia ndani akatoka na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Ilikuwa ile ya ridhaa, ambayo mtoto wake aliileta. Alisema mtoto alitaka kumsomea, yeye akamwambia aiache kwanza, ataisoma na mtu wake. Akaninyooshea. Nilimwambia haifai. Nilimwambia mimi ni mtu wa kile chuo, nina maslahi yangu, anapaswa kutafuta wakili asiyehusika.

"Ndiyo maana nataka wewe," alisema. "Huyo mtoto anataka iuzwe. Akinisomea atakimbia. Wewe hutaki. Wewe hutaniruka hata neno moja."

Basi nikamsomea. Nilisoma mstari mmoja kwa Kiingereza chake kigumu, nikautafsiri, nikaueleza, nikaenda kwenye mwingine. Kuku walirudi kwenye mtama na hakuna aliyewafukuza. Nilipofika mahali pa haki yake ya kukataa, nilieleza kama ninavyoeleza jambo ambalo litatoka kwenye mtihani. Nilisema hakuna anayeweza kumlazimisha, si mtoto, si ukoo, si watu wa hoteli. Nilisema akikataa leo anaweza kuendelea kukataa maadamu yu hai. Nikayarudia. Nilijua ananisikia nikimsihi ndani ya maneno ya sheria. Aliuliza jambo moja tu, kama kuuza kule kutagusa hili boma na kaburi. Nilimwambia hapana, hati ni mbili tofauti, hili halitaguswa.

"Basi lete kalamu," alisema.

Aliandika jina lake polepole, herufi za mtu aliyejifunza kuandika shule ya misheni na hakuandika sana baada ya hapo. Chini yake palikuwa na nafasi ya cheti cha wakili, anayethibitisha kwamba mtia sahihi ameelezwa haki yake na ameridhia kwa hiari. Nilijaza kwa mkono wangu, nikatoa muhuri wangu mkobani, nikapiga. Niliumia, na sioni haya kusema hivyo. Miaka yangu yote ya ujana ilikuwa kwenye kiwanja kile na nimeiandikia cheti mimi mwenyewe. Mama aliikunja karatasi, akairudisha kwenye mfuko wa plastiki, akaniambia pole. Alinifungia njugu nyingine za kwenda nazo, akanisindikiza mpaka langoni, na tulipopita kando ya kaburi aliinama akaokota jani kavu lililoangukia pale, akalitupa pembeni, akaendelea kutembea.

Wenzangu walikuwa wakinisubiri maktabani. Walikuwa wamewasha taa na kufunga madirisha kwa sababu ya sami, na hewa ilikuwa nzito. Darasa la jioni lilikuwa limeanza upande wa pili, nilisikia sauti ya mwanafunzi akisoma kesi kwa sauti. Mwalimu wa jinai ndiye aliyeniuliza Mama amesemaje.

Niliwaambia ameelezwa haki yake, ameielewa, na ametia sahihi kwa hiari yake bila kushurutishwa na mtu yeyote, mbele yangu. Wote mle ndani walikuwa mawakili. Hakuna aliyeuliza swali la pili.